Jibu: Mbunge na ahadi ya usiri

Ndugu, umeuliza kama ni halali mbunge wetu kutakiwa kutia saini ahadi ya kutunza siri kabla ya kuonyeshwa mkataba wa serikali na mwekezaji. Kwa maoni yangu, sheria iibane sana ahadi hiyo, kwa kuwa Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazoweza kuhatarisha usalama au mamlaka kuu ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inalinda pia siri za biashara, na hapo ndipo mawakili wa makampuni hupenda kujificha.

Kumbuka mkataba wa Februari 2022 na kampuni ya Uganda Vinci Coffee. Ulipoanza kusomwa hadharani ndipo mkulima anayegeuza buni kwenye turubai kule Masaka alipojua kwamba kampuni moja imeahidiwa kipaumbele cha kununua kahawa pamoja na misamaha ya kodi. Kamati ya Bunge iliuchambua, na Bunge likataka uvunjwe. Mbunge aliyefungwa na saini yake angemweleza nini mkulima huyo?

Siri ya haki ipo, mathalani wakati bei ingali inajadiliwa. Hiyo iwe na tarehe ya kukoma, na jina la kila mbunge aliyetia saini liandikwe katika daftari ambalo mpiga kura anaweza kulifungua.