Kibandani kwa Mama Fundi: Flashi ni yako, filamu si yako

Kwa wanaofika hapa mara ya kwanza: nimetengeneza simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa miaka 19, na kabla ya hapo redio, uani kwetu Temeke. Sasa macho hayazioni tena zile skrubu ndogo, basi naandika. Uwakili sina. Penye sheria nasema kilichoandikwa, penye utata nakuelekeza kwenye ofisi inayohusika ukaulize.

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha vikoba, tuko 26. Jumatatu jioni alinipigia mtu akasema anaandikisha akina mama kwenye semina ya mikopo, na kwamba itaingia namba ya tarakimu sita, nimsomee. Nikamsomea. Muda si mrefu WhatsApp yangu ikanitoa, na wenzangu wakaanza kupokea ujumbe kwa jina langu na picha yangu: nina mgonjwa hospitali, nikopesheni. Watatu wametuma, jumla shilingi 180,000. Sasa maneno yameanza kuwa nimeshirikiana naye. Nifanyeje? Mweka hazina, Tanga.*

Marahaba mwanangu, na pole. Hilo la maneno ya wenzio tutalifikia, maana naona ndilo linalokuuma kuliko hizo hela.

Yule mtu hakuingia kwenye simu yako. Aliweka WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba yako. WhatsApp haijui nani kaandika, kwa hiyo ikatuma tarakimu sita kwa mwenye laini ili ahakikishe ni yeye. Mwenye laini ni wewe, nawe ukamsomea. Ni kama kukwangua vocha ukamsomea mpita njia: karatasi umebaki nayo, salio kaondoka nalo.

Sasa fanya hivi, hata kama unaisoma barua hii wiki tatu baadaye. Ondoa WhatsApp, iweke upya, andika namba yako. Itakuja namba mpya ya tarakimu sita kwa SMS. Iingize. Papo hapo yeye anatolewa, kwa sababu kusajili namba upya kunaufuta usajili wa kwanza. Ikikudai PIN ambayo hukuiweka, ujue ameiweka yeye. Itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Usihangaike, siku hizo zote naye yuko nje. Mazungumzo yako ya zamani hakuyaona, hayo yalikuwa kwenye simu yako. Alichokiona ni magrupu yako na watu waliomo, na hicho kilimtosha.

Ukisharudi, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua PIN yako ya tarakimu sita. Ungekuwa nayo Jumatatu ile, hata baada ya kumsomea SMS angekwama mlangoni. Mwaka wa kuzaliwa usiuweke, ndio wa kwanza kujaribiwa.

Hela: kila aliyetuma apige mwenyewe huduma kwa wateja ya mtandao wake, ataje namba ya muamala. Kama haijatolewa kwa wakala, inaweza kuzuiwa. Kisha mwende polisi mchukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Ile namba ya tapeli muitume kwenda 15040, ndiyo namba iliyowekwa nchini kupokea taarifa za utapeli wa simu. Na wewe piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Nimewahi kumpigia mteja mbele yangu zikatoka laini nne, naye mkononi anayo moja.

Tuje kwenye maneno. Itisha kikao, simu yako iwe juu ya meza. Onyesha namba aliyokupigia na saa. Onyesha SMS ya tarakimu sita na saa yake. Kisha mmoja wao aonyeshe ule ujumbe wa kuomba hela na saa yake. Zipangeni hizo saa, zitajisemea zenyewe. Ulifanya uzembe, ukubali. Lakini mshirika wa tapeli haweki ushahidi kwenye simu yake akauleta kikaoni.

Kikundi cha dada yangu Mbagala wana utaratibu ninaoupenda: anayeomba hela kwa maandishi anapigiwa kwa laini ya kawaida, anaulizwa kikao kilichopita alikaa karibu na nani.

*Mama, mimi nina kibanda umiza Ifakara, benchi 8, tivii ya inchi 43, kiingilio 300. Naonyesha filamu za Kikorea na Kihindi zilizotafsiriwa. Nawekewa kwenye flashi mjini, 500 kwa moja. Nimeambiwa nitafungiwa kwa ajili ya hakimiliki. Mimi siibi, nanunua kwa hela yangu. Kosa langu ni lipi? Mwenye kibanda, Ifakara.*

Nisijifanye malaika. Mwaka 2006 nilikuwa na kompyuta ya kuchomea CD, na kwenye rafu nilipanga nyimbo za Bongo Fleva, 1,500 kila moja. Siku moja akaja kijana kutengenezewa simu. Akasimama mbele ya rafu muda mrefu. Akachukua CD moja, akanipa 1,500, akasubiri simu yake, akaondoka. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia: mama, huyo aliyenunua ndiye aliyeimba. Hakuwa amenitukana wala kudai kitu. Nilichoma tena miezi kadhaa, nisidanganye, lakini kila nikichoma nilimwona yule kijana akihesabu noti.

Flashi ni yako. Hiyo 500 ni ya kuwekewa. Filamu ina mwenyewe, na haki zake hazikuja ndani ya flashi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inazitenganisha: kunakili ni haki yake, kusambaza ni nyingine, kukodisha nyingine, kutafsiri nyingine, kuonyesha hadharani nyingine. Hebu ifuate filamu yako mpaka benchini. Mtu wa kwanza kainakili. Wa pili kaweka sauti yake ya Kiswahili. Wa tatu anaiuza kwenye flashi. Wa nne ni wewe, unakusanya kiingilio. Haki nne zimetumika, na aliyeitengeneza hajaulizwa hata moja. Kununua kwako kungekusaidia kama aliyekuuzia alikuwa na cha kuuza.

Hao wafasiri nawaheshimu. Marehemu mume wangu Kikorea hakujua hata salamu, lakini aliangalia tamthilia zao kwa sababu ya yule anayesimulia, anayemfanya mfalme wa Korea aongee kama kondakta wa daladala. Ile ni kazi ya sanaa kabisa. Ila ni nyumba nzuri iliyojengwa kwenye kiwanja cha mtu.

Tena niseme jambo ambalo maofisa hawatalipenda. Mwenye benchi nane Ifakara akiamua leo kuwa mwaminifu, amlipe mwenye filamu aliyeko Seoul, apitie mlango gani? Hajatengenezewa mlango wa saizi yake. Hilo ni pengo na wenye mamlaka wanalijua. Lakini dukani wakichelewa kufungua huingii kwa dirisha.

Unachoweza kufanya sasa: sehemu ya kuonyeshea filamu inahitaji kibali, anzia Bodi ya Filamu. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu muziki unaoupiga kabla ya onyesho, maana najua unapiga, vibanda vyote vinapiga. Kisha watafute watengenezaji wa filamu wa hapa nchini. Wapo wengi wadogo wanaolia hawana pa kuonyeshea. Karatasi moja, sahihi mbili: filamu hii, siku hizi, kiasi hiki kwa kila onyesho. Na mpira unaouonyesha kwa kisimbuzi ulicholipia kifurushi cha nyumbani, huo nao ni wa nyumbani. Soma mkataba wake.

*Assalaam aleikum Bi Fundi. Nachapisha fulana Mji Mkongwe, Unguja. Inayouza kuliko zote ni ya "Hakuna Matata", nyuma yake naweka michoro ya milango niliyoichora mwenyewe. Nimepata mteja Marekani anataka 200 za kuuza mtandaoni. Rafiki yangu ananitisha kuwa neno hilo ni la Disney. Limekuwa lao lini? Mchapaji, Unguja.*

Waaleikum salaam. Disney, kampuni ya filamu ya Marekani, waliomba neno hilo liwe alama yao ya biashara mwaka 1994, wakasajiliwa mwaka 2003, Marekani, kwa mavazi. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha ombi la mtandaoni kupinga, wakasaini watu zaidi ya 100,000. Kelele zilikuwa kubwa, na mimi nilisaini, ingawa kusema kweli sisi tunaosema "hakuna shida" tangu tuzaliwe maneno hayo tunayatamka tukiona mtalii. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa waliyaimba kwenye "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka 12 kabla ya ombi la Disney.

Alama ya biashara haimchukulii mtu neno kinywani. Inafungwa na vitu viwili, aina ya bidhaa na nchi. Unaweza kulisema, kuliimba, kuliandika kwenye khanga na kuliuza hapo Mji Mkongwe. Usajili wa Marekani haufiki Unguja. Hata wa Bara haufiki: Bara alama husajiliwa BRELA, Zanzibar husajiliwa BPRA, kila mmoja na daftari lake. Lakini fulana 200 zinazotua Marekani zinatua kwenye nchi ileile na bidhaa ileile iliyosajiliwa. Atakayeumia kwanza ni mteja wako, tangazo lake litaondolewa, naye atakudai wewe.

Daftari la alama la Marekani liko wazi mtandaoni na kutafuta ni bure. Mwambie mteja alipekue kabla hajakutumia hela, kwa neno lolote mtakalochagua. Na ile michoro ya milango unayosema umeichora mwenyewe, kwa nini umeificha nyuma ya fulana? Hiyo ina mwenyewe mmoja tu, nawe ndiye. Iweke mbele, andika jina lako na mwaka pembeni, zile rasimu za penseli uzihifadhi.

Kuna watakaosema nalikubali jambo la wizi. Mimi nasema ukiwa na kesi nenda mahakamani, ukiwa na fulana za kuuza uza fulana. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba isajiliwe neno "Kikoy". Wakenya hawakuishia kulalamika, waliwasilisha pingamizi kwenye ofisi yenyewe, na ombi likaachwa.

*Mama Fundi, nimestaafu ualimu. Nataka kusoma Kusadikika kwa sauti na kuweka YouTube, sura moja kila Ijumaa. Nitashtakiwa? Mwalimu, Songea.*

Mwalimu, shikamoo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Sheria yetu inalinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hesabu hiyo iliisha 2012. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, akiwa hai, kwa hiyo haina utata wa vitabu vilivyotoka baada yake. Soma maandishi yake tu. Jalada jipya, dibaji, maelezo ya mhariri na maswali ya mwisho wa sura ni vya waliovitengeneza. Usikate wala kurahisisha maneno yake, na umtaje kila Ijumaa. Kumbuka YouTube inaonekana kote, na nchi nyingi za Ulaya zinahesabu miaka 70. Mimi ningemwandikia mchapishaji barua fupi kabla ya kuanza. Haitakugharimu kitu na pengine atakutangaza.

Na sauti yako ina ulinzi wake. Ile "hakishiriki" kwenye jina la sheria ndiyo hiyo, haki ya anayeigiza, anayeimba, anayesoma. Mtu akiichukua rekodi yako akaitia matangazo yake, unayo ya kusema.

*Nimeuza simu, nilifuta picha zote. Fundi anaweza kuzirudisha? Msichana mwenye wasiwasi, Dodoma.*

Inategemea zilikuwa wapi. Kama zilikuwa ndani ya simu, ni ya miaka ya karibuni, na uliirudisha kwenye hali ya kiwandani, lala usingizi: picha zilikuwa zimefungwa kwa msimbo na ufunguo wake umeharibiwa. Kama zilikuwa kwenye memori kadi na kadi umeiuza pamoja na simu, ndiyo, zinarudi, mimi mwenyewe nimewarudishia watu picha za harusi. Kufuta kwenye kadi ni kung'oa ukurasa wa yaliyomo. Sura zote zimebaki. Kadi ni shilingi ngapi mwanangu? Siku nyingine ibaki nayo. Na utoe akaunti yako ya Google kabla ya kuuza, la sivyo mnunuzi atakupigia usiku wa manane simu inadai neno lako la siri.

Wewe wa Mbagala uliyeandika mara tatu bila jina, ukitaka nikufundishe kuweka programu ya kusoma meseji za mumeo bila yeye kujua: hapana, hapana, na hapana. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ndoa si ruhusa. Kariakoo walikuja wengi na simu za waume mfukoni, wakanipa na hela ya soda. Nilikuwa nawauliza simu ni ya nani, nawarudishia, soda nakunywa.