Kupenda milima na kuuza buti ni mambo mawili

Ndugu yangu, umeuliza kama kupenda milima kunatosha kuajiriwa duka la vifaa vya kupandia. Kunasaidia, lakini utashinda umesimama. Mimi nilipoifanya kazi hiyo, muda mwingine mwingi nilikuwa nimepiga magoti, nawafunga wateja kamba za buti. Jifunze hilo kwanza: mteja ajaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, avae soksi zake za safari, kisha ateremke mahali penye mwinamo. Vidole vikigonga mbele, mpe namba kubwa zaidi, hata akikataa. Ni kucha zake hizo!

Kabla ya kusaini mkataba, uliza saa za kazi hupungua kiasi gani wateja wakiadimika, maana mshahara huyumba hapo. Mgongo ukiuma mfululizo, usivumilie, muone daktari.