Mtoto Ananiita Mama, Cheti Hana

*Mwandishi wa safu hii ni afisa wa ustawi wa jamii jijini Nairobi, anayeshughulikia familia zinazoasili watoto na zile zinazolea kwa muda.*

Dada, shikamoo. Mimi ni mshonaji nguo hapa Kayole. Mwaka juzi jirani yangu wa ploti aliniachia binti yake mchanga, akasema anaenda Mombasa kutafuta kibarua. Simu yake haijapatikana tena. Mtoto ananiita mama. Sasa chekechea wanataka cheti cha kuzaliwa, na kuna mtu ameahidi kunitolea chenye jina langu, kama niliyemzaa, nikimpa elfu kumi na tano. Mume wangu anasema tulipe yaishe. Naogopa nikienda kwa serikali watanipokonya mtoto. – Mama wa Kayole

Marahaba, mama. Hizo elfu kumi na tano usizitoe. Cheti cha namna hiyo ni cha uongo, na siku mama mzazi au bibi yake mtoto atakapobisha hodi, wewe uliyemlea kwa jasho lako ndiye utakayeonekana mwizi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa. Binti huyu jina alikuja nalo. Mlezi mwema hamfutii.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ueleze ulivyoachiwa mtoto, wakuandikie kwenye kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, na wakupe namba. Namba hiyo itunze. Kutoka hapo nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Ukishindwa kumpata, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Mwende na mumeo, na kama kuna jirani aliyeshuhudia siku ile, au mwenye ploti, naye aje.

Hofu yako naielewa, na sitakuahidi uamuzi ambao si wangu. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022, pamoja na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 kuhusu malezi ya watoto, zinataka mtoto akae kwenye familia, na makao ya watoto yawe kimbilio la mwisho kabisa. Mtoto aliyenawiri mikononi mwako, anayekukimbilia akisikia mlango, afisa mwenye akili timamu hamng'oi kwa pupa.

Kazi yake ya kwanza itakuwa kutafuta jamaa: mama mwenyewe, bibi, shangazi, mjomba. Hapa walezi wengi hununa. Wanauliza, walikuwa wapi siku zote hizo? Pengine hawakujua. Nimewahi kukutana na nyanya aliyekuwa akimlilia mjukuu kijijini, huku mjukuu akilelewa mtaani Nairobi na mtu asiyejua hata kabila lake. Wakipatikana, huenda mkakubaliana kumlea pamoja. Wasipopatikana, unaweza kupewa malezi ya kambo kwanza, yaani ulezi wa muda unaotambuliwa na serikali, na baadaye ukaomba kuasili.

Kuasili huamuliwa na mahakama. Kwa kawaida mwombaji awe na umri wa miaka 25 hadi 65, na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Shirika lililosajiliwa la kuasili watoto sharti lithibitishe kwamba mtoto huyo anaweza kuasiliwa, na mtoto awe ameishi nawe miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto peke yake wakati wa kesi. Mahakama ikikubali, jina la mtoto huingizwa kwenye sajili ya walioasiliwa, mnapewa cheti chake, naye anakurithi kama uliyemzaa tumboni.

Kuna jambo moja sheria haitakukumbusha, nami nakusihi ulifanye usiku wa leo. Chukua daftari, uandike kila unachokumbuka kuhusu mama yake. Jina aliloitwa pale ploti. Alisema kwao ni wapi? Alimbembeleza mtoto kwa lugha gani? Alikuwa mrefu, alicheka vipi, alifanya kazi gani? Kama kuna shuka au nguo aliyokuja nayo mtoto, ifue uihifadhi. Kama kuna picha kwenye simu ya jirani yeyote, iombe kabla simu hiyo haijaibwa kwenye matatu. Binti yako atakua, atauliza, na hakuna ofisi Nairobi nzima yenye majibu hayo. Ni wewe tu. Na usimwambie kamwe kwamba alitupwa. Mama yake alimkabidhi kwa mtu aliyemwamini.

Mimi na mke wangu tunaishi Lang'ata, tuna kazi nzuri na nyumba yetu wenyewe. Tumeomba kuasili, lakini afisa wenu amekuja mara kadhaa, amekagua jikoni, amemhoji hadi mama yangu mzazi. Mnatafuta nini? – Baba Mtarajiwa

Pole kwa usumbufu, bwana, ila sitamwambia apunguze. Pesa zenu tuliziona kwenye karatasi za benki. Nyumbani tunakuja kuona yasiyoandikwa: mtoto atalala wapi, nani atakuwa naye mchana, yaya anaongeleshwaje. Nikiuliza swali na mume akajibu kwa niaba ya mke kila mara, nitarudi siku mume yuko kazini. Chumba kimoja Kawangware, kitanda nyuma ya pazia, nimekipendekeza bila wasiwasi, kwa sababu ukoo mzima ulikuwa ukimsubiri yule mtoto.

Mama yako alihojiwa kwa sababu hiyo hiyo. Wako wanaotaka kuasili kwa siri, na nimeona mke anayefunga mto tumboni ili majirani waseme ana mimba. Siri hiyo hufichuka, mara nyingi matangani, wakati wa kugawana shamba, binamu mmoja anapompasulia kijana ukweli mbele ya watu. Kwa hiyo kabla afisa hajarudi, kaeni na mama, na ndugu zako pia, mzungumze. Akisema hamtaki mtoto "wa nje", ni heri tujue sasa.

Sisi ni Waislamu wa Eastleigh. Tungependa kumlea yatima lakini dini haituruhusu kumbadilishia nasaba. Sheria ya Kenya inatutambua? – Ummu wa Eastleigh

Ndiyo, mama. Sheria ya 2022 inaitambua kafala, ulezi wa Kiislamu. Mtoto anabaki na jina la baba yake na nasaba yake, nanyi mnamlea na kumsomesha kama wenu. Anzeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, msimchukue mtoto kwa mapatano ya mdomo tu. Kwa kuwa kafala haimfanyi mrithi, mkitaka kumwachia kitu itabidi iwe kwa wasia usiozidi theluthi ya mali. Hilo mlizungumze na Kadhi mapema, wote wawili mkiwa hai na wenye afya.