Diazepamu na lorazepamu: "zote ni pamu"

SWALI: Mimi ni mjane, niko Arua, Uganda. Baada ya msiba hospitali ilinipa diazepamu ya miligramu 5 nipate usingizi, nami nimeimeza kila usiku kwa miezi minne. Zilipoisha, kijana wa duka la dawa akanipa lorazepamu ya miligramu 2. Anasema zote ni "pamu", na kwa kuwa 2 ni ndogo kuliko 5, nguvu imepungua. Sasa naamka kichwa kizito, na juzi nimeanguka bafuni. Je, niache zote?

JIBU: Pole kwa msiba, mama, na pole kwa kuanguka. Usiache ghafla. Kwa miezi minne ubongo umeshazoea, na ukikata leo unaweza kukesha, kutetemeka, hata kushikwa na kifafa ambacho hukuwa nacho. Rudi hospitali ile ile, kesho ikiwezekana, na pakiti zote mbili mkononi. Mwambie daktari umeanguka, kisha akupangie namna ya kushuka kidogo kidogo. Wengi hurudishwa kwanza kwenye diazepamu, kwa sababu hutoka mwilini taratibu.

Sasa hesabu ya huyo kijana. Miligramu ni uzito wa dawa, si nguvu yake. Lorazepamu miligramu 1 inakaribia diazepamu miligramu 10. Kwa hiyo hizo 2 ni kama 20 za diazepamu, mara nne ya ulichozoea! Yeye anaamini amekupunguzia. Hesabu hii naletewa kaunta kila mara, na kila mara inanipandisha presha.

Undugu upo, sikatai. Zote mbili ni benzodiazepini: pete ya benzini iliyoshikana na pete ya atomu saba, mbili kati yake naitrojeni. Ukoo huu ulianzia kwa mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, na diazepamu ilifika sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Tofauti iko kwenye vipande vilivyopachikwa kandokando ya pete. Diazepamu ina klorini moja na kipande cha methili. Ini hukibandua kipande hicho, lakini kinachobaki bado ni dawa, na nusu yake inaweza kuchukua hata saa 100 kutoka mwilini. Lorazepamu ina klorini mbili, haina methili, na ina hidroksili ambayo ini huishika moja kwa moja na kuitayarisha itoke kupitia mkojo. Nusu yake huondoka kwa saa 10 hadi 20 hivi. Ndiyo maana mgonjwa wa ini mara nyingi hupewa lorazepamu. Si dawa mbaya. Ubaya ni kuikadiria kwa macho.

Na heri hizo ni ndugu. Kuna wanaouza fenobabitali kama "ya usingizi, ya bei nafuu". Hiyo ni ya ukoo mwingine kabisa, wa asidi ya babituriki, inatumika tangu 1912, na kazi yake leo ni kifafa. Benzodiazepini husaidia GABA, kemikali ya ubongo yenyewe, kufungua mlango wa kloridi kwenye seli za ubongo mara nyingi zaidi, na seli hizo hutulia. Fenobabitali huushikilia mlango wazi kwa muda mrefu, na ikizidi huufungua hata GABA isipokuwepo. Hapo pumzi hukatika. Flumazenili, dawa inayozuia benzodiazepini, kwa fenobabitali haifanyi kitu. Piriton na prometazini, dawa za mzio, nazo husinziisha kwa njia nyingine, kwa kuzuia histamini. Na waragi, ile pombe kali? Hiyo inasukuma mlango ule ule, kwa hiyo anayeteremshia nayo "pamu" amejiongezea dozi asiyoweza kuipima.

Leseni ya duka la dawa Uganda inaruhusu dawa za daraja C tu, zile zisizohitaji cheti cha daktari. Diazepamu na lorazepamu hazimo. Huyo kijana hakupaswa hata kuwa nazo kwenye rafu.

Majuzi mzee mmoja wa boda alinifungulia kipande cha gazeti kaunta: vidonge vitano vyeupe, viwili vimevunjika, hakuna jina wala tarehe. Akaniuliza, "Mwanangu, kipi hapa ni cha usingizi?" Nikamwambia hata mimi sijui. Akavifunga tena polepole na kuvirudisha mfukoni, akidhani namficha ili anunue vyangu.