Milima, baridi na bahari: maswali ya wanafunzi walio ugenini

Maswali ya safari hii yametoka pande mbili: vijana wa Dar es Salaam wanaosoma au wanaokwenda kusoma Uskoti, na wageni wanaosoma hapa kwetu.

Naondoka Septemba kwenda Glasgow na nataka kujiunga na klabu ya chuo ya kupanda milima. Nguo nizitafute soko la mitumba la Karume au nisubiri huko? (Msomaji, Tabata)

Karume panatosha kwa nusu ya begi. Kinachomwangusha mgeni kwenye milima ya Uskoti mara nyingi si theluji, ni mvua ya nyuzi joto 5 yenye upepo, naye kavaa pamba. Pamba ikilowa haikauki mwilini, inanyonya joto hadi mtu aanze kutetemeka, kujikwaa na kuongea ovyo. Basi fulana za pamba ni za darasani, na jinzi usiipandishe mlimani kabisa. Tafuta fulana mbili za michezo za poliesta, sweta mbili za flisi, kofia ya sufu na glavu.

Koti la mvua likague kwa ndani. Ligeuze, ufuate mishono: inatakiwa iwe imefunikwa kwa utepe mwembamba uliogandishwa. Utepe ukiwa unabanduka, au bitana inapukutika vipande vyeupe, liache. Kitambaa cha nje kikinywa maji si tatizo kubwa, maana kuna dawa ya kupulizia inayokirudishia uwezo wake.

Buti za mtumba usinunue, hata zikiwa zinang'aa. Soli ya kati ya buti nyingi ni ya poliyurethani, na hiyo huoza kwa unyevu hata kiatu kikikaa tu bila kuvaliwa. Joto la Dar linaharakisha. Kwa macho iko nzima, lakini ukitembea saa mbili inameguka na soli ya chini inabaki kwenye matope. Nunua hukohuko, jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, uliza klabu kwanza. Nyingi huazimisha.

Wenzangu hapa Glasgow wanasema Desemba lazima tugeuke saa nane mchana hata kama hatujafika kileleni. Si woga huo?

Wako sahihi, wasikilize. Umekulia mahali ambapo jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Glasgow mwishoni mwa Desemba linachomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi na kuzama saa 10 kasoro robo alasiri. Pigeni hesabu kabla ya kutoka: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 900 za kupanda inakula karibu saa 4. Kwa baridi ongeza theluthi, kisha saa moja ya kupumzika. Mkianza saa 3 asubuhi mtamaliza saa 9 na dakika 20, na jua limebakiza dakika 25 tu. Kifundo cha mguu cha mtu mmoja kikiteguka, mnashuka gizani.

Kila mtu abebe taa yake ya kichwani na betri za akiba. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi humaliza chaji haraka. Kukitokea ajali piga 999 au 112, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani, hawatozi pesa. Leo hii, ukiwa bado chumbani, tuma neno "register" kwenda 999 ili namba yako iweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi mtandao ukiwa hafifu. Filimbi: pulizo sita ndani ya dakika moja, kaa kimya dakika moja, rudia.

Naruhusiwa kupiga hema popote?

Uskoti, karibu popote pasipolimwa na pasipo karibu na nyumba, kwa sheria ya mwaka 2003. Ila baadhi ya fukwe za ziwa Loch Lomond zinahitaji kibali kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30. Ukivuka kuingia England, omba ruhusa ya mwenye ardhi.

Natoka Nakuru, nasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunataka kwenda kisiwa cha Bongoyo kuogelea kwenye matumbawe. Twende lini?

Tazama mwezi kwanza, ratiba ya chuo baadaye. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yanayotoka huvuta kwa nguvu. Bamvua ya huku hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi, wakati huohuo ambao wageni wengi ndio wanafika, wakajikuta wanakanyaga matumbawe. Nendeni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na mwingie majini saa moja kabla ya maji kujaa. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo jedwali la wiki iliyopita halifai.

Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari mchana, rudini mapema. Boti za Bongoyo zinatoka Msasani. Kabla haijaondoka kila mmoja avae jaketi okozi na kufunga kamba zake zote. Beba viatu vya soli, na pasi au kitambulisho, kwa kuwa ada ya hifadhi hutegemea uraia. Kisiwa kimehifadhiwa tangu 1975: kombe na matumbawe havichukuliwi.

Mimi ni mwanafunzi kutoka Lubumbashi. Siku tano zinatosha Kilimanjaro kwa njia ya Marangu?

Chukua sita. Vibanda viko mita 2,720, 3,720 na 4,720, yaani unaruka mita 1,000 kila usiku, ilhali juu ya mita 3,000 inashauriwa kutozidisha 500. Usiku wa ziada uutumie Horombo, kibanda cha pili. Kichwa kikiuma na unatapika, usipande zaidi. Mtu akiyumba kama mlevi au kukohoa akiwa amelala na pumzi haitoshi, ashushwe saa hiyohiyo bila kusubiri kuche. Mweleze mwongozaji kila dalili, hata ile unayoiona ndogo.