Viduara Vimejaa, Insha Tupu

Mwalimu mmoja wa gredi ya 5 huko Kisauni ameniandikia kwamba wanafunzi wake wanachora mchoro wa viduara (kitu katikati, sifa zake kandokando) vizuri sana, wanavijaza vyote, kisha insha inatoka ile ile: dafu ni zuri, dafu ni tamu, mimi napenda dafu. Anauliza kama aongeze viduara. Asiongeze. Apunguze, na dafu lenyewe awape walishike.

Katika ramani 8 za fikra, yaani michoro ya kupanga mawazo, alizobuni Mmarekani David Hyerle, kila moja ina kazi yake, na huu wa viduara ni wa kueleza sifa tu. Kwa Kiingereza kila kiduara hutiwa kivumishi. Hapo ndipo sisi tunakwama, maana vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache. Mtoto akishatoa kubwa, zuri na zito, akiba imekwisha. Mruhusu kirai kizima, yaani fungu la maneno: la kijani, lenye pembe butu, lisilolia maji likitikiswa. Hiyo ya mwisho ni ya thamani, kwa sababu dafu hujaa maji mpaka juu, ilhali nazi iliyokomaa utayasikia yakicheza ndani. Na kwa kuwa kila sifa inafuata ngeli ya LI-YA, sarufi imefundishwa bila kutangazwa.

Kipindi ni dakika 35. Dakika 3 za kwanza hakuna kushika kalamu: watoto 5 kwa dafu moja, walipapase, walinuse, walitikise. (Madafu ni ghali, najua. Makundi mawili yapokezane moja, na kipindi kikiisha mwalimu atajua pa kulipeleka.) Dakika 7 za kujaza viduara 6, si zaidi. Kisha dakika 8 za kupalilia, na hizi ndizo zinazorukwa na wengi, halafu tunalaumu watoto. Kila sifa iulizwe: umejuaje? Kwa jicho, mkono, sikio, pua au rula? Isiyo na jibu ikatwe. "Zuri" halina jibu. "Hunywewa na watu" pia ikatwe, hayo ni matumizi. Zilizobaki zipewe namba, za nje kwanza, za ndani baadaye, ndipo iandikwe aya ya sentensi 5 kwa dakika 15. Bila namba mtoto ataandika kwa kuzunguka duara, na aya itaruka kutoka harufu hadi rangi hadi uzito. Dakika 2 zilizobaki zitaliwa na kugawa karatasi.

Kwenye sayansi tumia jani la mchu, aina ya mkoko, kutoka mikoko ya Tudor hapa Mombasa. Juu ni kijani linalong'aa, chini limefifia kama kijivu, na mara nyingi utaona chembe za chumvi. Mtoto akiandika "linatoa chumvi ya ziada" amekwisha kutoka kwenye sifa, ameingia kwenye kazi ya jani. Asikaripiwe, jambo ni la kweli ila makao yake ni mchoro mwingine. Vivyo hivyo Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa: kuta nene za mawe ya matumbawe ni sifa, lakini kujengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 ni tukio, liende kwenye mstari wa wakati. Hisabati ndiyo nyepesi. Mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, na sijui mtoto atakayeandika kwamba ni mtamu.

Karatasi zilizochapishwa viduara tayari ziwekeni kando. Mtoto akiona nafasi 10 tupu, shabaha yake ni kuzijaza, na cha kumi kitakuwa uongo. Rangi na mapambo nayo yasubiri siku nyingine.

Kupima ni rahisi. Kundi lifute jina la katikati, lipitishe karatasi kwa jirani, jirani akisie. Akisema "embe", warudi kwenye dafu, walitikise tena.