Mwalimu Anajibu: Bahati, Mawe na Sumaku

Barua za wiki hii zimechokozwa na neno langu la juma lililopita, kwamba duniani kuna wanahisabati wanaolipwa mshahara kwa kurusha sarafu. Nilitania kidogo tu: kazi yao ni kuchunguza kwa hesabu mambo ya fizikia yanayoamuliwa na bahati.

Shikamoo Mwalimu. Hesabu si zilishamalizwa zamani? Mtafiti anatafuta nini tena? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kiembesamaki)

Marahaba, mwanangu. Siku ukenda Mji Mkongwe, tia mkono kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, pale chokaa ilipobambuka. Jiwe la matumbawe lile limejaa vitundu. Mvua ya masika ikipiga nje, maji yatafika ndani? Inategemea vitundu vilivyoungana. Swali la namna hiyo hiyo, ila la vinyago vya kuchujia hewa vya wachimba makaa, ndilo lililowafanya Broadbent na Hammersley wa Uingereza waanzishe tawi zima la hesabu mwaka 1957.

Chukua karatasi ya miraba. Kila kijistari kati ya kona mbili kipigie kura: kimefunguka, maji yapite, ama kimezibwa. Nafasi ya kufunguka ikiwa chini ya nusu, maji yanaishia njiani. Ikizidi nusu, hata kwa unywele, basi kwenye karatasi isiyo na mwisho panapatikana njia isiyo na mwisho, bila shaka yoyote. Mwanahisabati Harris alithibitisha upande mmoja wa jambo hili mwaka 1960, na mwenzake Kesten akaumaliza wa pili mwaka 1980. Miaka 20 kwa ajili ya nusu!

Na hiyo ni karatasi tu. Kwa jiwe lenye urefu, upana na kina, kompyuta zinatuambia kizingiti, yaani nafasi ya kufunguka ambayo ikizidi hapo njia isiyo na mwisho inapatikana, kiko karibu na 0.249. Je, pale pale kizingitini maji yanapita? Kila mtaalamu anaamini hayapiti, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuthibitisha. Kwa hiyo hazijesha, mwanangu. Kalamu yako bado ina kazi.

Nikiisoma elimu hii nitabahatisha vizuri matokeo ya mpira? (Kijana, Chake Chake)

Hapana. Na usiniandikie tena habari za mikeka.

Mwanangu amefanya utafiti wa shahada miaka miwili, jibu lake likawa "hakuna kitu". Kavunjika moyo. Nimwambie nini? (Baba, Wete)

Msimulie habari za mwanafizikia Ernst Ising. Mwalimu wake, Wilhelm Lenz, alimpa swali: sumaku ina chembe nyingi, kila moja inaelekea juu au chini, na kila moja inamsikiliza jirani yake tu. Je, zote zinaweza kukubaliana upande mmoja zenyewe, bila kusukumwa? Ising akazipanga chembe kwenye mstari mmoja, akakokotoa, na mwaka 1925 akachapisha jibu: kukiwa na joto lolote, hazikubaliani. Akadhani hata kwenye bonge zima itakuwa vivyo hivyo. Hapo alikosea. Mwaka 1936 mwanafizikia Peierls alionyesha kwamba ukizitandaza chembe kama jamvi, joto likishuka vya kutosha zinakubaliana, na mwaka 1944 mwenzake Onsager akalikokotoa jamvi hilo barabara.

Ising mwenyewe alishaacha utafiti. Alikuwa Myahudi, akakimbia Ujerumani ya Hitler, akaishia Marekani akisomesha fizikia chuoni. Huko ndiko alikogundua kwamba jina lake limekuwa maarufu. "Hakuna kitu" yake inasomeshwa mpaka leo.

Binti yangu anataka kazi hiyo. Atakula nini? (Mama, Tunguu)

Bi mkubwa, wengi wao wanakula kwa kusomesha vyuo vikuu. Mfaransa Hugo Duminil-Copin, aliyezaliwa 1985, alisomea shahada ya uzamivu ya hisabati Geneva chini ya Stanislav Smirnov. Wawili hao walihesabu njia zisizojikata kwenye sega la nyuki, wakathibitisha namba ya kasi ya kuongezeka kwa njia hizo, ambayo mwanafizikia Nienhuis aliibashiri mwaka 1982. Mwaka 2022 Duminil-Copin akapata nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, ambayo hapewi aliyevuka miaka 40. Smirnov aliipata 2010. Usimwahidi binti nishani, lakini mwache asome hisabati yenyewe kwanza, fizikia itamfuata.

Mgeni wangu alipotea vichochoroni Mji Mkongwe kwa muda wa saa mbili, akatokea pale pale alipoanzia! Ni miujiza? (Mwenye nyumba ya wageni, Shangani)

Ni hesabu ya mwanahisabati Pólya, ya mwaka 1921. Mtu akitembea ovyo kwenye mji wa njia za miraba usio na mwisho, kila njia panda akichagua upande kwa bahati tu, hakosi kurudi alipoanzia, ingawa anaweza kuchelewa mno. Mpe samaki ruhusa hiyo hiyo baharini, ambako kuna juu na chini pia, na nafasi yake ya kurudi inakuwa kama 34 katika 100. Mgeni wako ashukuru tu kwamba Mji Mkongwe hauna ghorofa za kuunganisha vichochoro.